Usiseme Mbuzi Wetu Anaumwa

Mapendo mwanangu,

Umeenda kusukwa nywele kwa Esperance, na ninavyomjua Esperance, mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole, kwa hiyo nina mchana mzima wa kukuandikia. Nimekaa barazani. Mama yako yuko ndani anafunga sanduku lako. Alilifunga asubuhi, akalifungua tena kutia blanketi, kwa sababu mtu fulani sokoni amemwambia Lubumbashi kuna baridi ya kuuma mifupa. Nikamwambia, "Mama Mapendo, mtoto anaenda Bujumbura kwa shangazi yake kupokea simu. Simu tu! Haendi kuolewa." Akanijibu bila hata kugeuka: "Weye nyamaza. Wakimupa ile kazi ya Lubumbashi, atarudi hapa kuchukua blanketi?" Nikatoka na karatasi hii.

Sitakuambia habari za mpaka wala za karatasi zako. Mama yako amesema yote, na kesho atayarudia mpaka dereva wa taksi achoke. Shangazi yako Feza atakulisha mpaka uombe msaada. Kwake umeme haukatiki ovyo kama kwetu na rezo ya simu ni nzuri, ili Alhamisi yule mama wa Lubumbashi anayetafuta wafanyakazi akikupigia, sauti yako isipotee katikati ya neno. Hayo yamekwisha. Mimi nataka kusema juu ya simu yenyewe, na juu ya swali moja ulilolijibu vibaya Jumapili, kwa sababu jibu lile ulilitoa kwangu.

Unanijua. Kutoka hapa Uvira hadi Luvungi, mtu akitaka kuoa au kuoza binti, ananiita. Nimefundisha watoto wa darasa la nne tangu hujazaliwa, na hakuna anayenikumbuka kwa hilo. Wananikumbuka kwa posa. "Mwalimu, kuya utusemee." Na mimi napenda, sitakudanganya! Nikivaa koti langu la kijivu, nikisimama mbele ya wazee wa upande wa binti, nasikia damu inatembea. Unaanza mbali. Unasalimia wazee, unasalimia akina mama walioko jikoni ambao hata hawakuoni, unaulizia mvua, unaulizia mihogo. Unasema mlikuwa mnapita njia tu, mkaona moshi. Hutamki mnachotaka mpaka watu waanze kukohoa. Na mlivyoleta unavishusha: tumekuja mikono mitupu, tuna kambuzi kamoja tu, nako kanaumwa. Nje pale ng'ombe wanalia, kila mtu anawasikia, na wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Wanajua mtu anayejishusha namna ile ametoka kwa watu wenye heshima.

Basi ulipoleta habari ya ile kampuni ya ushauri, kwamba wamesoma barua yako ya kuomba kazi, na kwamba kabla ya kukuita kwenye mtihani wenyewe yule mama anayeajiri watu wao atakupigia simu ya kuchuja, nilifurahi kama mjinga. Kusema mbele ya wageni? Kazi yangu hiyo! Nikakuketisha sebuleni, nikaingia chumbani, nikashusha pazia, nikakupigia. "Alo, Madmazeli Mapendo, tuambie weye ni nani." Ukaanza vizuri: "Mimi ni Mapendo, nimemaliza licence ya uchumi chuoni, na mwaka jana nilifanya kazi na koperative ya mpunga Luvungi." Nikatoka nyuma ya pazia na simu mkononi. Apana! Nikakuambia unaingia nyumba ya watu bila hodi. Nikakufundisha kushukuru kwanza, kuulizia habari za kazi na za jamaa, kusema kwamba hujui mengi ila uko tayari kujifunza. Nikakukataza kusema "mimi", useme "sisi", maana anayejitaja kila mara huchosha watu. Wiki nzima tulikuwa katika hayo. Ulijaribu kubisha, maskini. Ulisema, "Papa, hawa batu hawana wakati, simu yote ni nusu saa." Nikakujibu nusu saa inatosha kusalimiana. Jamani, mimi na mdomo wangu!

Jumapili baada ya misa, Olivier, uliyesoma naye chuo na sasa anafanya kazi ya namna hiyo kule Bukavu, alikubali kukujaribu kwa simu kama wanavyofanya wao. Ukafungulia sauti ili na sisi tusikie. Mimi nilikaa kitako, nimejiandaa kupongezwa.

Akakuuliza ulifanya nini Luvungi. Ukashukuru. Ukawasalimu wote wa ofisini kwao, na ofisini Jumapili hakukuwa na mtu. Akakuuliza tena. Ukasema, "Tulijaribu-jaribu kusaidia akina mama wa mpunga, lakini ilikuwa kazi ndogo, hata sijui kama ni ya kusemwa." Mimi hapo nilikuwa nahesabu ushindi. Kisha akasema, "Hii kazi iko Lubumbashi. Uko tayari kuhama?"

Ukaniangalia. Mapendo, uliniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia ulipokuwa mdogo na mtu amekupa peremende njiani. Halafu ukaiambia simu, "Nitauliza Papa kwanza." Nami nikatikisa kichwa kwa furaha, Mungu anisamehe.

Olivier hakuendelea na maswali. Akasema, "Mapendo, weye ni rafiki yangu, siwezi kukudanganya. Yule mama siku hiyo ana watu wengi wa kupigia, na anaandika unachosema. Ukisema kazi ilikuwa ndogo, anaandika ndogo. Ukisema kuhama bado hujui, anafunga, anapigia mwingine. Nimekusikiliza muda wote huu na bado sijajua weye ulifanya nini."

Ukalia. Mimi nikakunyang'anya simu, nikamwakia yule kijana. "Weye iko na miaka ngapi? Mtoto amelelewa vizuri, unamulaumu kwa adabu?" Akaniacha nimalize, na unajua mimi kumaliza kwangu. Kisha akasema kwa upole, "Papa, adabu yake nimeisikia. Kazi yake ndiyo sijaisikia." Nikakata simu. Nikashika njia ya ziwani, nimejaa hasira, natafuta mtu wa kugombana naye.

Sikumpata. Kulikuwa na akina mama wanageuza visamaki vya ndagala juani, nao wana kazi zao. Nikasimama pale na harufu ile, nikaanza kubishana na Olivier peke yangu, na kila nilipobishana alinishinda. Wazee wa Nyakabere, kwao mama yako, nikiwaambia mbuzi wangu anaumwa, wanajua kusikiliza. Wamesikia ng'ombe nje. Wao wenyewe wamewahi kusema vile wakiposea watoto wao. Yule mama wa Lubumbashi hasikii ng'ombe wetu. Hajui nyumba yetu, hajui mashamba ya Luvungi, hakuoni hata uso. Ana kalamu tu na sauti yako. Ukimwambia mbuzi anaumwa, ataandika mbuzi anaumwa, na hatakuwa amekosea. Nilisimama pale mpaka mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, unataka kununua ao unatuchunga?"

Niliporudi, nilisikia sauti zenu nyuma ya nyumba. Mlikuwa mnafua. Nikasimama kwenye kona, na sikujionyesha. Mama yako alikuwa anasema, "Acha kulia, unatia chumvi mu nguo. Niambie minye. Kule Luvungi ulifanya nini?"

Ukamwambia. Nitakuandikia ulivyosema, maana sidhani kama wewe mwenyewe ulijisikia. Ulisema, "Mama, muchele wao ulikuwa unavunjika ku mashini, wanunuzi wanaukataa. Kila mutu alikuwa anasema mashini iko mubaya. Minye nikachukua mupunga wa Mama Furaha na wa jirani yake, nikausagisha ku mashini moja, siku moja. Wa jirani ulivunjika, wa Mama Furaha ulitoka muzima. Nikajua shida haiko mashini. Nikaenda kuangalia vile anaanika. Kila mangaribi iko anaukusanya na kuufunika. Wengine wanauacha inje, umande unaulowesha, asubui jua linaukausha tena, njo maana unapasuka ndani."

"Halafu?"

"Halafu nikapita nyumba kwa nyumba. Wengine walinicheka, eti mutoto wa muji anatufundisha mupunga. Nikawawekea punje mu mukono, za Mama Furaha na zao, wajionee. Musimu uliofuata walifunika. Wanunuzi walirudi."

Mama yako akakamua shuka, akasema, "Njo hivyo. Mwambie vile vile."

"Papa amesema nisiseme 'minye'."

"Kwani Papa yako njo alipita nyumba kwa nyumba?"

Nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani, nikaingia tena kwa mlango wa mbele nikikohoa, kama mtu aliyefika sasa hivi. Nadhani mama yako aliniona. Usiku huo alinipakulia ugali huku akinitazama.

Nikakumbuka siku ya posa yetu, pale kwao Nyakabere. Hadithi hii umeisikia kwa mama yako anapotaka kunichokoza, lakini yeye anaruka sehemu moja. Msemaji wetu alikuwa mjomba wangu wa Lubarika. Alisema vizuri mno. Alinishusha mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujihurumia: kijana wetu hana akili nyingi, ualimu aliupata kwa huruma ya watu, hata jembe linamshinda. Wazee wa kwao wakajibu kwa Kirundi, sisi tukajibu kwa Kifuliiru, na pale tuliposhindwana tukakutana kwenye Kiswahili. Jua lilikuwa limeshainama. Ndipo mama yako akaitwa. Unajua hapo binti anaulizwa mbele ya wote: unawajua hawa watu, na vitu vyao tuvipokee? Na unajua anavyotakiwa kujibu. Anaangalia chini, anaulizwa tena, anaulizwa tena, kisha anajibu kwa kasauti ambako shangazi mtu lazima akarudie ili watu wasikie.

Mama yako aliulizwa mara moja. Akainua kichwa, akasema, "Mupokee." Akaongeza, "Na chakula kinapoa." Basi! Mpaka wazee walishika mbavu, shangazi zake wakajificha nyuso ndani ya vitenge. Njiani mjomba akaniambia, "Huyo atakusumbua." Amenisumbua kweli, na hakuna siku niliyojuta.

Sehemu anayoiruka mama yako ni mjomba. Pale binti alipoingia, mjomba, yule bingwa wa maneno, alikaa chini. Hata msemaji wa upande wao alikaa. Kila posa niliyosemea tangu siku ile, na mimi nimekaa. Wote tunafanya hivyo bila kufundishwa: akiulizwa binti, wasemaji hukaa. Sijawahi kuona hata mmoja aliyejibu badala yake. Na mimi, baba yako, nyumbani kwangu mwenyewe, Jumapili mchana, nilikufundisha unitazame mimi kwanza.

Sasa nikuambie kitu kinachoniuma. Uliposema "Nitauliza Papa", sikufurahia adabu yako. Nilifurahi kwa sababu nilijua ukiniuliza, nitapata mahali pa kusema hapana. Luvungi niliizoea. Jumamosi motari anakushusha na pikipiki yake mlangoni, una vumbi mpaka kwenye kope, unaita "Mama, iko maji?" na nyumba inakuwa nyumba tena. Lubumbashi haina Jumamosi ya namna hiyo. Nitabishana na nani habari za redio? Mama yako ananiachia nishinde, na kushinda hivyo hakuna ladha. Siku zile tulipokuwa tunafanya mazoezi na rezo ikakatika, wewe uligonga meza kwa hasira. Mimi moyo wangu ulisema, ikatike tu. Nakupenda hivyo, vibaya hivyo, na ni bora ulijue kwangu kuliko ulihisi njiani ukafikiri ni mzigo wako.

Basi Alhamisi, akipiga, msalimie, mshukuru mara moja, inatosha. Akikuuliza ulifanya nini, mwambie habari ya punje za Mama Furaha kama ulivyomwambia mama yako, mikono ikiwa na sabuni. Mwambie kwa Kifaransa chake akitaka, lakini useme vile vile, kwa kufuata jinsi ilivyokwenda. Sema mimi nilifanya pale ulipofanya wewe, na Mama Furaha mtaje kwa jina pale alipofanya yeye. Hapo hakuna majivuno, hayo ndiyo yaliyotokea.

Usipojua jibu, sema sijui, kisha nyamaza. Hilo mimi limenishinda maisha yote. Kuna mtoto aliwahi kuniuliza darasani kwa nini ziwa letu lina kina kirefu namna hii, nikasema mpaka kengele ikalia, na mpaka leo sijui nilisema nini. Na kukiwa kimya upande wa pili, usiogope. Labda anaandika. Mimi kimya hunitisha, nakijaza na maneno kama mtu anayeziba tundu la panya, na umerithi hiyo tabia, nimekusikia. Acha aandike.

Lakini zile salamu ndefu nilizokufundisha usizitupe, tafadhali. Wale waliokucheka Luvungi walikufungulia mlango kwa sababu uliulizia mihogo yao kabla ya kuulizia mpunga. Hao washauri wa Lubumbashi watakutuma tena kwa watu kama wale, na ukifika huko utakuwa na wakati wote wa kuanza mbali. Kwenye simu ndiyo hapana.

Limebaki lile swali. Atakuuliza kama uko tayari kuhama, Olivier amesema hawaachi kuliuliza. Nilitaka nikuandikie jibu. Nimeliandika hapa mara mbili nikalikata, unaona mwenyewe karatasi ilivyochafuka. Mara ya kwanza niliandika hapana. Mara ya pili niliandika ndiyo, nikaona bado ni mimi ninayesema. Kwa hiyo usitafute jibu langu humu, na huko kwa shangazi usinipigie kuniuliza. Ukisema hapana, rudi, chumba chako kipo na nitafurahi waziwazi, bila kujificha kwenye kona. Ukisema ndiyo, nitalia, wewe utasikia habari zake kwa mama yako, na nitapona. Lolote utakalosema, uinue kichwa, useme mara ya kwanza. Asilazimike kukuuliza tena na tena, na asiwepo shangazi wa kurudia maneno yako. Feza mwambie akae jikoni.

Nakusikia unakuja. Nakusikia na Esperance mnacheka pale kwenye kona ya duka, kwa hiyo kichwa kimekamilika na habari za mtaa zimekwisha. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku, utaikuta ukifika.

Nimeandika hapo kwamba nakusikia, kisha mama yako akaniita ndani. Sanduku limekataa kufunga. Alikuwa ameshatoa blanketi, ameliweka kitandani, anasema basi, pengine kweli atarudi, pengine ni simu tu. Amesimama pale ananitazama, yeye ambaye hana kawaida ya kuniuliza kitu. Nimelichukua blanketi, nimelikunja vizuri, nimelirudisha ndani, juu ya viatu vyako. Halafu nimelikalia sanduku, na mama yako akavuta zipu mpaka mwisho.

Papa yako